Nati Kwenye Mizani ya Jikoni

Pale gerezani walimwita Bwana Chumvi, kwa sababu kila sufuria ilipoiva alionja, akageuka, akauliza, "Chumvi imekaa?" Zaidi ya hapo hakuwa na maneno. Alikuwa mtu wa haya. Miaka ishirini na miwili ya kazi, na bado akipishana na Mkuu wa gereza uani alijibana ukutani kama anayempisha ng'ombe mwenye pembe. Lakini upishi aliujua. Sufuria zake mtu mzima angeweza kusimama ndani, na uji wake haukuwa na madonge.

Mizani ilikaa mlangoni pa stoo, ile ya kupimia magunia, yenye bamba la kusimamishia mzigo chini na mkono mrefu wa chuma juu. Kila asubuhi bwana stoo alipima unga wa siku kwa kilo walizoandika wakubwa, na kila asubuhi unga haukutosha. Mwaka ambao wafungwa walianza kuvimba miguu kwa njaa, Bwana Chumvi aliokota nati ya toroli, akaificha pale panapotundikwa mawe ya mizani, akaifunga kwa waya na kuipaka masizi. Kitu kidogo cha kukaa kiganjani, lakini kwa mizani ile kilikula kilo tano. Kila kilichopimwa kilionekana pungufu, na bwana stoo akawa anaongeza unga huku akiguna, "Magunia ya siku hizi, bure kabisa!" Mkaguzi wa mizani akija, nati ilitolewa. Akiondoka, ilirudi. Ikawa hivyo miaka sita.

Aliyejua siri hiyo ni mmoja tu, Babu Kuni, mfungwa wa maisha aliyekoka moto jikoni.

"Siku wakikukamata," Babu Kuni alimwambia, "uje ulale kitanda cha chini yangu. Ila nakoroma, nisije nikalaumiwa."

Chakula cha waliohukumiwa kufa Bwana Chumvi alikipeleka mwenyewe. Walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na chumba chake. Kwa miaka mingi hakuna aliyenyongwa, wakawa wanazeeka tu humo ndani. Wa chumba cha saba aliitwa kwa namba ya mlango wake, Wa Saba. Miaka tisa Bwana Chumvi alimlisha bila kumwona uso, maana kidirisha cha mlango kilikuwa chini, upana wa sahani. Alimjua kwa mkono wenye kidole kimoja kisicho na kucha. Alimjua kwa sahani pia, kwa kuwa ilirudi imefutwa ikang'aa, na ukingoni tonge dogo kama punje ya kunde.

"La shomoro wako," Wa Saba alisema siku ya kwanza. "Nawasikia wakigombana dirishani kwako. Wana njaa kuliko mimi."

Wa Saba alikuwa amemuua jirani yake kwa shoka, ugomvi wa mpaka wa shamba. Hakuwahi kukana, si mahakamani wala kwa mtu yeyote.

Jumatatu moja, baada ya mapumziko yake ya Jumapili, Bwana Chumvi alikuta mizani imesogezwa. Sakafu ilikuwa na michirizi. Alidhani ni watu wa usafi, akaendelea na uji. Alipofika chumba cha saba na kusukuma sahani, mkono haukuipokea.

"Mpishi, mizani yako inanipunja," sauti ilisema, kwa utani. "Jana wameniletea huku, wakanipandisha. Kilo hamsini na saba! Na suruali hii inanibana. Maharage yako ya miaka tisa yamekwenda wapi?"

Hapo gerezani hata mfagizi alijua kwa nini mtu wa upande ule hupimwa uzito.

"Wamekuambia ni lini?" Bwana Chumvi aliuliza.

"Alhamisi." Mkono ukatoka, ukachukua sahani. "Chumvi imekaa, kabla hujauliza."

Alirudi jikoni. Kamba hukatwa kwa uzito wa mtu. Zamani Sajini, askari mkubwa wa upande ule, aliwahi kumsimulia habari za mtu aliyepimwa vibaya, akaonekana mwepesi kuliko alivyo, kamba ikawa ndefu mno. Sajini alifika katikati ya habari hiyo, akanyamaza, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Bwana Chumvi hakutaka kuimalizia hata kichwani mwake.

Jioni mkewe alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Akamweleza yote, matonge ya shomoro, hata nati.

"Miaka sita, baba, na mimi mkeo hukuniambia?"

"Ungeogopa."

"Na sasa siogopi?" Akatupa kokoto mlangoni. "Ukisema, watakufunga. Usiposema, atakufa vilevile. Unakwenda kumwokoa nini?"

"Asife vibaya."

"Kuna kufa vizuri? Na yule jirani yake aliyekatwa shoka, nani alimpimia?" Alisema hivyo, kisha akaona uso wa mumewe, akaweka ungo chini. "Kauwa mtu, bwana. Mimi nasema tu."

"Najua kauwa. Nimemlisha nikijua."

"Basi nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi unayoiweza kuliko zote."

Akanyamaza kweli, mpaka asubuhi. Alijiuliza jambo moja tu, akaligeuza kama mtu anayegeuza jiwe la moto. Akinyamaza, nati aliyoiweka kwa huruma itamchinja mtu. Akisema, atakuwa amewasaidia kunyonga sawasawa. Pande zote mbili mkono wake ulikuwemo.

Jumanne alibisha mlango wa Mkuu. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, akaikunjakunja.

"Bwana Mkuu, mizani ya jikoni inadanganya. Kwa kilo tano. Ni mimi."

Mkuu aliweka kalamu. "Tangu lini?"

"Miaka sita. Unga ulikuwa hautoshi."

"Yaani umekuwa ukiiba unga wa serikali, ukawapa wafungwa?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Na leo umekuja kutubu?"

"Sikuja kutubu. Nimekuja kuomba yule bwana wa chumba cha saba apimwe upya. Au asipimwe kabisa. Kama hilo liko mkononi mwako."

Mkuu alijipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya; macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Haliko mkononi mwangu," alisema. "Rufaa imekwisha. Kupima upya, ndiyo. Na utapima wewe, maana mizani ile unaijua wewe."

Hilo hakulitegemea.

Alikata waya kwa mkasi wa jikoni, nati ikaanguka. Mizani ikabebwa na askari wawili hadi ukumbi wa upande ule, mlango wa saba ukafunguliwa. Akatoka mtu mfupi, mwenye mvi, aliyekuwa akipepesa macho.

"Kumbe ndiye wewe," Wa Saba alisema. "Siku zote nilijua ni mtu mnene."

Bwana Chumvi alijaribu kucheka, akashindwa. Wa Saba alipanda juu ya bamba, miguu mitupu, akatulia kama mtoto anayeshonewa nguo. Bwana Chumvi akasogeza jiwe la mizani polepole. Mkono wa chuma ukayumba, ukalala sawa.

"Ngapi?" Sajini aliuliza, daftari wazi.

"Sitini na mbili."

"Si nilikuambia!" Wa Saba akasema. Kisha utani ukamwisha. "Mbona nimepimwa tena?"

"Ili usiumie," Bwana Chumvi alisema.

Wa Saba alishuka. Akasema, "Asante, Mpishi," kwa sauti ileile ya kupokea sahani, akarudi chumbani mwake bila kusukumwa.

Alhamisi asubuhi ubao wa jikoni uliandikwa sahani kumi na tatu. Bwana Chumvi alipakua kumi na nne, akatazama, akairudisha moja sufuriani. Babu Kuni aliinama kwenye moto, na hakuna aliyeuliza habari za chumvi.

Adhabu hakupewa. Kumwandika mpishi kungemlazimu Mkuu kuandika pia kwamba mtu nusura anyongwe kwa kipimo cha uongo, na karatasi hiyo hakuna aliyeitaka. Unga tu ndio uliopungua. Wafungwa walianza kuguna kwenye foleni: "Bwana Chumvi siku hizi mkono wa birika! Uji gani huu, au maji ya kuoshea sufuria?" Aliwapakulia, kichwa chini.

Baada ya majuma mawili Sajini alikuja akiwa mchangamfu. "Mkuu anasema wewe ni mtu mkweli. Kuanzia sasa kule upande wetu, akipatikana mwingine, utakuwa unapima wewe."

"Sitaki," Bwana Chumvi alisema.

Mwiko wa Babu Kuni ulisimama. Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika jikoni mle kutoka kinywani mwake.

"Nimwambie nini Mkuu?"

"Mwambie kupika nitapika. Watu sipimi."

Jioni alimsimulia mkewe. Alidhani atagombezwa, maana sasa kazi ilikuwa shakani kweli. Mkewe alikaa na ungo mapajani bila kuchagua kitu.

"Alikuwaje?" akauliza mwishowe. "Yule mtu. Usoni."

Bwana Chumvi alifikiri. "Mfupi," akasema. "Sauti yake ilikuwa ndefu kuliko yeye."

Mkewe akachota mchele kidogo kwenye ungo, akaufunga kwenye kipande cha karatasi, akamtilia mfukoni mwa koti. "Kawape wale shomoro wake," alisema.