Siku Nilipoigiza Nyapara

Juzi, mjini Litein, niliona watoto wakitunga mchezo wa kuigiza, nikasikia tena harufu ya majani mabichi ya chai.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu alitaka tukiigiza, cheo cha mtu kijulikane kabla hajafungua mdomo. Siku hiyo mimi nilikuwa nyapara wa shamba la chai. Nilifunga mikono mgongoni, nikatembea polepole bila kumwangalia mtu usoni. Nje kiwanda cha chai kilikuwa kikinguruma. Nyuma kabisa ya darasa alikaa mama yangu, ametoka kuchuma chai, kikapu mapajani, akinisubiri.

“Wewe! Weka kikapu chini!” nikamfokea Chebet, aliyeigiza mchumaji.

Mama akasimama haraka, akaweka kikapu chake sakafuni, akainamisha kichwa.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilifurahi sana, nikidhani mama ameamua kuigiza na sisi.