Vidonge vya Usingizi na Zamu ya Maombi

Usingizi ulinihama mwaka ule kitinda mimba wangu alipoenda kuanza kazi Mombasa, nyumba ikabaki na mimi na kuku. Mume wangu alikuwa ametangulia zamani, na huzuni yake nilikuwa nimeizoea. Kilichonishinda ni ule ukimya. Nilijilaza, nikafumba macho, na hata lepe la usingizi sikupata.

Mahali pengine mtu angeambiwa apunguze chai. Hapa Kathonzweni, nilipoitaja shida yangu kwenye ushirika wa akina mama, mke wa mchungaji alinishika mkono kwa furaha kabisa. "Sister, hiyo si shida. Ni Mungu anakuamsha uombe!" Wenzake wakasema amina. Nilikuwa nimeenda na ugonjwa, nikarudi nyumbani na cheo.

Basi haja za watu zikaanza kumiminika. Mara mbuzi wa fulani haonekani, mara mtoto ana mtihani, mara mkwe ameanza kunywa tena. "Si wewe uko macho tu, mwaitu? Utukumbuke," waliniambia, wakiniita mama kwa Kikamba ili nisikatae. Walikuja dukani ninapouza ndengu na mbegu, na hata watu wa Kikima nisiowajua walinipigia simu. Nitasema ukweli, nilipenda sana. Nyumba ilikuwa tupu lakini simu haikupoa. Mvua iliponyesha vizuri msimu ule, wapo walionisalimia kana kwamba ni mimi niliyefungua bomba.

Mchana ndio ulikuwa na mambo. Nilisinzia juu ya magunia, wateja wakajipimia wenyewe. Siku moja nilimwaga debe la ndengu ndani ya gunia la kunde, nikashinda nikizichambua huku nikijitukana. Hayo niliyacheka. Sikucheka siku niliyobandika isyo, mahindi na maharagwe yetu yasiyoiva upesi, nikalala nimekaa kando ya moto. Dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: aliingia jikoni akakuta pindo la leso yangu linafuka moshi, akalikanyaga na viatu vyake vya kanisani.

"Leso inashika moto na wewe unakoroma!" alifoka. "Hii si kuitwa na Mungu. Hii ni kukosa usingizi. Kesho tunaenda hospitali."

"Na watu wangu wa maombi?"

"Wataomba wenyewe. Kwani wamekatwa ulimi?"

Daktari alikuwa msichana wa rika la kitinda mimba wangu. Aliniuliza maswali mengi, na lile la chai ya jioni dada alinijibia kwa sauti. Mwishowe akaniandikia vidonge vya muda mfupi. Nimeze kimoja nikiwa tayari kitandani, nisimgawie mtu, na nirudi anipunguzie. "Hizi ni za kukushika mkono tu, mama," alisema. "Si za kuzeeka nazo."

Nililala fofofo. Jogoo aliwika mpaka akachoka. Niliamka nikakuta mate kwenye mto, na sijawahi kufurahia mate namna ile.

Kwetu jambo jema halijakamilika mpaka usimame kanisani ulitangaze. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nikainuka. "Bwana asifiwe! Daktari amenipa dawa, sasa nalala usiku kucha!" Nilingoja makofi. Badala yake mama mmoja wa benchi la nyuma akauliza, "Na mbuzi wangu je?"

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini nilikaa nimeingiwa na baridi. Cheo hakikuwa kitu. Niliogopa kwamba nikilala nitasahaulika. Nani atampigia simu mwanamke anayelala kama watu wengine? Jumatatu simu haikulia hata mara moja, na vidonge vile nilivitazama kwa jicho baya.

Jumanne wakaingia dukani kwa mpigo, mwenyekiti wa akina mama mbele. Mmoja akaninong'oneza nimgawie vidonge viwili, mzee wake anakoroma. Nikamwambia daktari amekataza, na tena anayekoroma ameshalala, atibiwe nini? Mwenyekiti akakohoa.

"Tumekaa tukaona hivi," alisema. "Matuta tunachimba kwa mwethya, leo kwangu kesho kwako. Maombi mbona tuliachia mtu mmoja? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tumegawana usiku, kila mtu na zamu yake. Wewe lala."

"Na zamu yangu ni lini?"

"Wewe hauna zamu."

Walipotoka nililia kidogo, maana nilipokonywa kazi yangu kwa adabu kubwa.

Machozi hayakudumu, kwani wiki zile zilikuwa vituko. Aliyekuwa na zamu ulimjua kwa miayo. Mke wa mchungaji alisinzia mumewe akihubiri, Biblia ikamponyoka, puu! Baada ya ibada akanijia polepole. "Sister, hii kitu ulikuwa unafanya kila siku?"

"Na mchana nauza ndengu," nikamjibu.

Daktari alianza kunipunguzia, nusu kidonge, kisha nusu ya hapa na pale, kisha basi. Niliogopa mno. Usiku wa kwanza nilihangaika, na wa pili pia, lakini usingizi ulirudi taratibu, kama ng'ombe aliyepotea anayeijua njia ya boma.

Asubuhi moja mwenyekiti alipita dukani, macho mekundu, hanunui kitu.

"Ulilala?"

"Nililala."

"Bila dawa?"

"Bila."

Akapiga makofi. "Basi imejibiwa!"

"Nini imejibiwa?"

"Kwani haujui? Tangu tuanze zamu, wewe ndio wa kwanza kuombewa. Kila usiku. Mbuzi ni baadaye."

Miezi yote ile nilikuwa nimetaja majina ya Kathonzweni nzima, na langu sikulitaja hata mara moja. Nami nilidhani nikifumba macho nitasahaulika, kumbe kila nilipofumba, mtu alikuwa macho ananitaja.

Nikamwekea kiti nyuma ya kaunta, nikamwambia asinzie kidogo, mimi nitauza. Alikuwa anakoroma kabla sijampimia mteja wa kwanza.