Mapigo Matatu Kabla ya Mlipuko

Jamani, kaka yangu tulishamlilia na matanga tukaanua. Halafu nikamwona kwenye kompyuta ya ofisini.

Chekeni tu. Hata mimi ningewacheka.

Kazi yangu ni kusoma tabaka za ardhi. Wenzangu wa porini wanatandaza vihisi, vile vidude vya kusikiliza mtikisiko, kwa mstari mrefu. Wanalipua baruti shimoni. Mtikisiko unazama, unapinda kwenye mwamba mgumu, unarudi juu. Mimi naangalia umefika lini kwenye kila kihisi, najua chini kuna nini.

Kaka ndiye aliyekuwa akipanda vihisi. Tulimwita Nyundo. Akimaliza kupanda, anagonga ardhi mara tatu kujaribu kama vinasikia, kisha ananipigia simu.

"Dada, umeniona?"

"Nimekuona, kichwa maji wewe. Fanya kazi."

Siku moja ardhi ikatitia naye, juu ya machimbo ya zamani. Walimtafuta wee, wakakata tamaa. Tukaweka matanga bila mwili. Mama akawa hali, halali. "Mwanangu hana hata kaburi," ndiyo yake hiyo asubuhi na jioni.

Nikarudi kazini, nikakuta rekodi zimerundikana. Nikafungua moja.

Kabla ya mlipuko, mapigo matatu.

Nikafungua nyingine. Matatu. Nikatoka nje kuota jua kama mgonjwa.

"Hizo ni kelele tu," mkuu wa mradi akaniambia. "Zichuje, tuendelee."

"Kelele za nani, Mkuu?"

"Pole, una majonzi. Labda mtu alikuwa anapita hapo juu."

Hapo akanipandisha hasira. Mtu akikanyaga juu, mtikisiko unatambaa polepole kwenye udongo, kihisi hadi kihisi. Haya mapigo yalifika kwenye vihisi sita karibu kwa pamoja, kwa kasi ya mtikisiko unaopita ndani ya mwamba.

"Mkuu, yametoka chini. Na mahali penyewe ni hapa."

Akatazama kidole changu kwenye ramani. Akatazama tena. Akainua simu, akaita wachimbaji.

Wakachimba pale pale. Wakamkuta ameegemea ukuta wa mwamba, nyundo iko mkononi.

Mama alipata kaburi la mwanawe. Siku ya mazishi watu wakanishika mikono: "Mzimu wa kaka yako ndio uliokuongoza." Mama akaitikia, akatabasamu kidogo. Nami nikaitikia. Ningefanyaje?

Lakini ninyi hamnijui, ngoja niwaambie.

Hakukuwa na mzimu wowote.

Zile rekodi zilichukuliwa siku zile zile tulizokuwa tumekaa matanga. Mradi haukusimama, walipanda vihisi vingine, wakaendelea kulipua. Nyundo alikuwa hai huko chini. Alisikia milipuko, akajua vihisi viko juu yake, na akajua kuna mtu mmoja tu anayejua maana ya yale mapigo matatu.

Alikuwa ananiita mimi.

Nami nilikuwa nyumbani, nimekaa sakafuni, namlilia kwa sauti.

Rekodi za mwisho hazina mapigo. Nimezifungua mara nyingi mno, sijui natafuta nini. Mama sijamwambia, na sidhani kama nitamwambia.

Ndugu zangu, mkipotelewa na mtu, lieni. Ila msiende wote kulia. Mwacheni mmoja abaki anasikiliza.