Musimbi Alisoma Ukurasa Ambao Haukuwepo

Siku hizi iko na jina: disleksia. Mtaani Langas, mwaka wa themanini na sita, iliitwa kichwa ngumu, na dawa yake ilikuwa kiboko. Hiyo sehemu mnaijua, sirudii. Mimi nataka kujua kitu ingine. Mtoto hawezi kusoma, sasa anakaa aje darasani karibu mwaka mzima bila mwalimu kushtuka?

Musimbi aliweza. Leo ni fundi wa nguo huko huko Langas, na ukimuuliza anacheka kwanza.

Alikuwa anarudia darasa la tatu. Nyuma yake, darasa la pili, kulikuwa na mdogo wake Rael, mwenye alisoma kama redio. Musimbi akirudia tena, watakuwa klasi moja. Hiyo ndiyo ilimnyima usingizi. Kiboko alishazoea.

Vitabu vilikuwa vichache, watoto watatu kwa kimoja. Mlisimama kwa zamu, kila mtu anasoma hadithi ile ile. Musimbi, mwenye klasi ilimwita Mkia kwa kushika nambari ya mwisho, alikaa nyuma kabisa. Zamu ikimfikia, hadithi yote iko kwa kichwa. Anatembeza kidole juu ya mistari, anasema. Kwa paredi pia, ndiye aliongoza ile ahadi ya utii kwa Rais, bila kukwama.

Muhula wa tatu akaja mwalimu mpya, Kituyi. Siku hiyo hadithi ilikuwa ya mama aliyeponyokwa na kuku sokoni. Musimbi akasimama, akasoma vizuri. Kituyi akasogea.

"Ngoja. Kuku aliingia wapi?"

"Kwa duka la Mhindi, mwalimu."

"Nionyeshe hapo."

Kidole kilikuwa juu ya picha ya mtoto anapiga mswaki. Ukurasa wa kuku kwa kitabu hicho ulikuwa umeng'olewa kitambo; wenzake wa dawati walikuwa wamesomea kwa kitabu cha mbele.

Klasi ikapasuka. "Mkia! Kuku ya Mkia inapiga mswaki!"

Kituyi hakushika kiboko. "Umeshika hadithi yote kwa kichwa?"

"Na ya jana, mwalimu."

"Hebu sema ya jana."

Akaisema yote. Saa ya lunch Kituyi akamwita.

"Binti, ukiangalia hapa unaona nini?"

"Herufi naziona. Moja moja nazijua."

"Zikishikana? Zinatembea?"

"Hazitembei, mwalimu. Zinanyamaza."

Kituyi hakuwa daktari. Hakujua hata kama hiyo kitu iko na jina. Alitaka tu kujua zinanyamaza kwa nini. Akajaribu kuandika kwa mchanga. Akajaribu chaki za rangi, bure kabisa. Halafu akakata karatasi ngumu ya boksi ya sabuni, akatoboa kidirisha katikati, neno moja tu ndilo linaonekana. Hapo maneno yakaanza kuongea. Si kila siku. Kuna siku zingine yalikataa.

Mwezi wa kumi na moja hedimasta akaja mwenyewe kusikiza wale wa kurudia, aamue nani atapanda. Akampa Musimbi ukurasa ambao hakuna mtu alikuwa ameusoma darasani. Musimbi akatoa boksi yake.

"Hiyo ni nini? Weka chini!"

"Mwache nayo, mkubwa," Kituyi akasema. "Wewe si unavaa miwani?"

Musimbi akaanza. Silabi moja, ingine. Mtu akanong'ona, "Leo tutalala hapa." Akakwama kwa neno, akaliruka, akalirudia. Akafika mwisho ameloa jasho.

"Huyu anasoma polepole sana," hedimasta akasema.

"Ndiyo. Lakini hiyo hakuisikia kwa mtu."

Hedimasta akamwangalia msichana, akaangalia boksi. "Haya, apande darasa la nne. Ikimshinda huko usiniletee."

Musimbi akakimbia nyumbani kuwaambia. Mama akapiga vigelegele. Rael akaanza kulia.

"Unalia nini sasa?"

"Nilikuwa nimeambia marafiki wangu wote tutakaa dawati moja na wewe!"

Musimbi akaketi kando yake. Mwaka mzima alikuwa anaogopa kukaa na mtu mwenye alikuwa anamngoja.