Msiba wa Mama Mkwe

Msusi wa sokoni alikuwa mbishi tangu utotoni, lakini sasa alikuwa amenywea. Kila alipoandika mtandaoni kwamba manispaa isilihamishe soko lao, watu kibao walimrukia hapohapo, wakisifu soko jipya na kumwita adui wa maendeleo. Akaanza kufungasha vioo na vitana vyake.

"Labda ni mimi tu nisiyeelewa, mama," alimwambia mama mkwe wake, aliyekuwa akimenya vitunguu.

"Hao watu wako hawachoki? Waandikie kwamba nimekufa."

"Mama, jamani."

"Andika. Marehemu mwenyewe amekuruhusu."

Aliandika. Majibu yakamiminika: "Hongera sana, dada. Soko jipya ni neema kwetu sote." Wa pili naye hongera, wa tatu hongera, neno kwa neno.

Mama mkwe aliweka kisu chini. "Hata adui angesema pole. Hizo ni mashine, mwanangu, zimetegwa zijibu zenyewe."

Kabla hawajamaliza kucheka, muuza nyanya aliingia mbio akilia, akamkuta marehemu anakaanga vitunguu. Alipotulia na kusimuliwa, alikiri kwamba naye alishafunga virago, akidhani amebaki peke yake. Wakazunguka soko zima kuuliza. Kumbe wote walidhani hivyohivyo.

Siku ya mkutano wa kuamua hatima ya soko, ukumbi ulifurika. Ofisa wa manispaa akataka wanaokubali kuhama wanyooshe mikono. Ulionekana mkono mmoja tu, wa ofisa mwenyewe, akiwaonyesha namna ya kunyoosha. Soko likabaki palepale.