Kurasa Zilizokatwa Miguu

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili, kwenye kituo cha masomo cha Handeni ambacho madawati yake yalikuwa ya watoto wa darasa la kwanza. Miaka miwili nimekaa magoti yakiwa usawa wa masikio. Mchana nilikuwa nauza nyaya na taa kwa Mhindi mmoja pale mjini, mzee aliyenifundisha kompyuta kwa kunifokea, na kwa jinsi alivyofoka nilielewa upesi. Nikajiona bingwa wa wilaya nzima. Ubingwa wa mkoa nao ulikuwa wangu, ila mkoa ulikuwa haujaniita.

Kituo kilikuwa na kompyuta nne za msaada, kuukuu kiasi kwamba ukiiwasha moja, darasa linaweza kusali na kurudi kabla haijaamka. Ikiamka haina picha wala kitu cha kubofya. Ni skrini nyeusi tu na mstari mmoja mweupe unaosubiri uandike amri. Wenzangu walizikwepa. Mimi nilizipenda, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezijua.

Dawati la pembeni yangu alikaa mama mmoja Mzigua wa Kwamsisi, mhudumu wa zahanati ya pale mjini. Miaka kumi na minane alikuwa akifua mashuka, akimwaga ndoo za damu na kuwashika mikono wanaojifungua. Kisha mganga mfawidhi akamwambia utaratibu umebadilika: alete cheti chenye Baiolojia, la sivyo nafasi yake ataichukua msichana mwenye nacho. Akapewa muda mpaka matokeo ya mwaka ule.

Kitabu cha Baiolojia kilikuwa softikopi, kwenye flashi ya mwalimu. Sisi wenye simu kubwa tulikiingiza humo. Yeye alikuwa na simu ya kitochi.

"Mtaalamu," akaniambia siku moja, "hicho kitabu hakiwezi kukaa kwenye hizo kompyuta za giza?"

"Mama, mimi kitabu nakiweka hata ndani ya pasi ya mkaa."

"Pasi ninayo nyumbani. Wewe anza na kompyuta."

Mara ya kwanza nilikigeuza kuwa maandishi matupu. Michoro yote ikayeyuka, moyo na figo vikabaki majina. Nikatafuta programu ya kugeuza kila ukurasa kuwa picha, na nyingine ya kuionyesha picha hiyo kwenye skrini isiyojua picha. Kazi hiyo ikanila Jumapili mbili nzima. Herufi zikatoka ndogo kama chawa, nikaamuru kila ukurasa ujae upana wa skrini. Ukajaa. Herufi zikanenepa kama maharage. Kilichozidi kwa urefu, programu ikakikata na kukitupa bila kusema neno.

Hilo nalijua leo. Siku ile nilitazama jalada na kurasa chache za mwanzo, ambazo chini yake huwa weupe mtupu, nikajipigia makofi.

Kuanzia hapo mama yule alifika saa kumi kamili, kabla ya darasa, sare yake ikinuka dawa ya sakafu, akafungua kaunta buku na kunakili. Sisi tumelelewa kunakili. Mwalimu akiandika ubaoni unaandika, akifuta unafungua ukurasa mpya. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tunaiandika vizuri kuliko tunavyoielewa.

Siku moja aliniita kutoka kule mbele. "Mtaalamu, mbona hapa maneno yanaishia njiani? Na ukurasa unaofuata umeanza na habari nyingine."

Nilikuwa nyuma ya darasa, nawasimulia wenzangu jinsi nilivyotengeneza redio kwa waya wa uzio. Sikunyanyuka.

"Ndivyo wanavyoandika wanasayansi, mama. Wanakuachia umalizie mwenyewe."

Darasa likacheka. Na yeye akacheka, akaweka nukta pale sentensi ilipokatika, akaendelea.

Mimi nilisoma kwenye simu. Ukurasa hata mmoja sikuwahi kuusoma kwenye zile kompyuta nilizojisifia.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshahamia Korogwe, duka la pili la mzee yule. Baiolojia nilipata C. Niliitangaza mpaka wauza machungwa wakaijua. Mama alifaulu Kiswahili, Historia na Uraia. Baiolojia alipata F, na mwezi ule ule akapewa barua ya kuondoka kazini.

Hakunilalamikia. Alimpa kondakta wa basi kaunta buku tatu, zimefungwa kwa kamba ya katani, na ujumbe wa mdomo: niwape wanaosoma jioni huku Korogwe, kazi ya mtaalamu isipotee.

Nilizifungulia juu ya kaunta ya duka. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama mishono ya cherehani. Nikafika kwenye moyo. Alikuwa ameuchora kwa penseli vizuri mno, vyumba viwili vya juu, na pale vya chini vilipotakiwa kuanza akaufunga kwa mstari ulionyooka. Nilidhani amesahau. Nikafungua simu, nikalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Kila mmoja ulikuwa umekosa chini yake, kitabu kizima.

Jumapili nilipanda basi mpaka Kabuku, nikachukua bodaboda hadi Kwamsisi, alikorudi baada ya barua ile. Nilimkuta anamenya mihogo nje ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefaulu, nimesikia."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, kisu kikiendelea na kazi.

"Nilikuuliza, kijana," akasema.

"Uliniuliza, mama."

"Kule zahanati kuna bango la moyo ukutani. Nimelifuta vumbi miaka yote hiyo. Lina vyumba vinne. Nikasema bango ndilo limekosea, kitabu hakiwezi kukosea, na mtaalamu amekithibitisha. Kwenye mtihani wakasema chora moyo. Nikachora viwili."

Nikamwambia nitakitengeneza upya, nitamwandikisha mwakani, nitamfundisha mwenyewe kila Jumapili. Nilisikia sauti yangu ikianza kupanda kama ya siku zile za redio na uzio, nikanyamaza.

"Mwakani nalima," akasema. "Yule msichana ameshaanza kazi."

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kufika kwa Mzigua nikaondoka bila kupewa kiti. Siku ile niliondoka bila kukaa.

Nilipofika Kabuku nilimpigia simu mwalimu wetu wa Handeni, nikamwambia kitabu kilichomo kwenye kompyuta ni kibovu, nakuja kukifuta.

Akacheka. "Kibovu wapi, wanakipenda, herufi kubwa. Darasa la mwaka huu lina watu ishirini na wameshanakili nusu. Ukibadilisha sasa utawachanganya. Waache wafanye mtihani kwanza."

Basi la Korogwe lilikuja, konda akaniita. Nikatikisa kichwa, nikavuka barabara kusubiri la Handeni.