Kibanio cha karatasi kimeingia kwenye supachaja

Ndugu zangu, nawaomba, haya yasitoke humu.

Leo hapa kwenye gereji yetu iitwayo Savage, mafundi wamefunga injini kongwe kwenye chesisi ya gari waliyoichomelea wenyewe.
Mimi, karani wao, nikainama kunakili namba ya injini.
Kibanio cha karatasi kikatumbukia kwenye supachaja, ile mashine ya juu inayoisukumia injini hewa.
Nikaendelea kuandika namba.

Fundi mkuu, Baba Neema, akaifunika, akaniletea fomu ya ukaguzi.
"Weka sahihi, mwanangu, kwamba ndani hamna kitu. Hawa wengine wangesahau humo hata chapati!"

Nikacheka.
Nikaweka sahihi.

Saa kumi wanaiwasha, mwenye gari akiwepo. Ikikimeza tu, injini imekwisha, na kazi yangu pia.

Nimwambieje Baba Neema?
Msipige simu ofisini. Niandikieni hapa hapa, nimejifungia chooni.